Upekuzi na ukamataji katika makosa ya wanyamapori Tanzania: mwongozo kamili wa askari wa doria

Ukisoma hukumu za Mahakama ya Rufani zinazowaachia washtakiwa wa nyara za serikali (wanyamapori au sehemu zao, kama meno, ngozi na nyama), utakuta maswali yanajirudia. Nani alikuwepo begi lilipofunguliwa? Nani alisaini? Kielelezo kililala wapi usiku ule? Ni nadra mtu kuachiwa kwa sababu askari hakuwa na mamlaka ya kumkamata. Mamlaka yapo, tena mapana. Kinachokosekana ni kazi ya dakika sitini za kwanza iliyofanywa kwa mpangilio na kuandikwa palepale.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa tukio lenyewe, kuanzia taarifa inapofika hadi siku utakayosimama kizimbani kutoa ushahidi. Namba za vifungu vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) zilizomo humu ni za Toleo la 2022. Toleo la sheria zilizorejewa lililofuata limesogeza baadhi ya namba, kwa hiyo kabla hujaandika kifungu chochote kwenye fomu, kilinganishe na toleo linalotumika kituoni kwako.

Kifungu kinachobeba kazi yote

Kifungu cha 106 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 (Sura ya 283) kinampa ofisa mwenye mamlaka uwezo wa aina tatu, endapo ana sababu za msingi za kuamini kwamba mtu ametenda kosa au yuko mbioni kulitenda. Anaweza kumtaka mtu huyo aonyeshe mnyama, nyamapori, nyara, silaha, leseni au kibali. Anaweza kuingia na kupekua bila hati ardhi, jengo, hema, gari, ndege au chombo cha majini, na kufungua mizigo. Anaweza pia kushikilia alichokikuta, iwe nyara, silaha, mifugo au chombo cha usafiri, na kumkamata mhusika, isipokuwa ameridhika kwamba mtu huyo atafika mwenyewe kujibu mashtaka.

Kuna sharti moja linalosahaulika: nyumba ya makazi haiingiwi bila hati ya upekuzi, isipokuwa mbele ya shahidi huru angalau mmoja. Tutalirudia, maana ndilo linaloangusha kesi.

Je, wewe ni ofisa mwenye mamlaka?

Usijibu haraka. Sheria inawataja Mkurugenzi wa Wanyamapori, maofisa na askari wa wanyamapori, na polisi. Inawaongeza watumishi wa Hifadhi za Taifa na wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kuanzia cheo cha askari, watumishi wa misitu na wa uvuvi kuanzia vyeo vilivyotajwa, na mwajiriwa wa eneo la hifadhi ya jamii aliyeteuliwa kuwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Mtu mwingine yeyote anahitaji uteuzi wa maandishi wa Mkurugenzi.

Dereva wa doria, mlinzi wa kampuni ya uwindaji na kijana wa kijiji anayeongoza njia hawamo mpaka wawe na barua. Wao wanabaki na uwezo wa raia wa kawaida chini ya kifungu cha 16 cha Sura ya 20: kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yao na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Mkono wa dereva ukionekana kuwa ndio uliofungua gunia, wakili wa utetezi ataanzia hapo. Askari wa kijiji naye abebe kitambulisho na nakala ya uteuzi wake, kwa sababu ataulizwa.

Andika sababu kabla hujagusa begi

Sababu za msingi ni kitu kinachoelezeka: taarifa, unyayo, damu kwenye tandiko la pikipiki, mlio wa risasi, moshi wa kukaushia nyama ndani ya pori la akiba. "Nilimtilia shaka" peke yake haitoshi. Kwenye daftari la doria andika tarehe, saa, mahali pamoja na namba za GPS, na taarifa ilisema nini. Jina la msiri usiliandike. Inatosha: "Taarifa ya siri: mwanamume mmoja, pikipiki nyekundu, anapita njia ya mto kutoka upande wa hifadhi, amebeba gunia."

Saa nayo ina mtego wake. Fomu nyingi hujazwa kwa mtindo wa saa 24, lakini kizimbani shahidi huongea Kiswahili. Hati ikisema 04:00 na shahidi akasema "saa nne usiku", umepata tofauti ya saa sita ambayo haikuwepo. Kubalianeni kwenye timu mtindo mmoja, na mkitumia saa ya Kiswahili mwandike neno zima: saa 4:10 usiku.

Upekuzi wa mtu, mzigo na gari

Gawaneni kazi kabla hamjasogea. Mmoja anapekua, mmoja anaandika na kupiga picha, waliobaki wanalinda. Askari watatu wakiingiza mikono kwenye gunia moja, mahakamani kila mmoja atasimulia ugunduzi wake.

Simamisha, jitambulishe kwa jina na taasisi, sema kwa nini umemsimamisha, kisha uliza: "Una kibali cha kumiliki au kusafirisha nyara?" Swali hili lina uzito wake kisheria, maana unatumia uwezo wa kudai nyaraka na unampa nafasi ya kuonyesha leseni kama anayo. Jibu lake liandike kama alivyolitamka.

Kama upo karibu na watu, shahidi huru aitwe sasa, kabla hakijafunguliwa kitu. Kosa la kawaida ni kufungua, kukuta meno, kisha kumtuma mtu amlete mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti atafika na kuonyeshwa vitu vilivyokwisha kupangwa chini, na akihojiwa atasema ukweli: "Mimi nilivikuta nje." Shahidi wa namna hiyo anaubeba utetezi mgongoni. Shahidi huru asiwe askari, mtoa taarifa, wala mtu mwenye ugomvi na mtuhumiwa.

Katikati ya hifadhi, usiku, hakuna mwenyekiti. Sheria haidai miujiza. Sharti la shahidi huru katika kifungu cha 106 ni la nyumba ya makazi, na mahakama zimekuwa zikielewa kwamba porini mashahidi wanaweza kuwa askari wenyewe. Ila andika sababu: "Eneo halina makazi, kijiji cha karibu kipo umbali wa kilometa kadhaa, muda saa 8 usiku."

Kabla ya kuingiza mkono, anayepekua aonyeshe viganja na mifuko yake mitupu mbele ya shahidi na mtuhumiwa. Inachukua sekunde kumi na inamaliza hoja ya "walinibambikia" kabla haijazaliwa. Pekua kwa mpangilio, kwa mtu toka juu kwenda chini, kwa gari toka mbele kwenda nyuma. Kila unachokikuta kitaje kwa sauti kikiwa bado mahali pake, kipigwe picha hapohapo, ndipo kitolewe. Picha ya nyara iliyopangwa vizuri juu ya turubai kituoni ni ya gazeti. Mahakama inahitaji ile ya nyara ikiwa ndani ya gunia.

Mwanamke anapekuliwa na mwanamke, kwa staha, hata kama doria ina wanaume pekee. Kama hakuna askari wa kike, tafuta mwanamke mwaminifu wa eneo hilo au mlinde mtuhumiwa bila kumpekua mwilini mpaka mfike kituoni. Mizigo yake unaweza kuifungua.

Nyumba

Mfumo wa kawaida wa upekuzi wa nyumba umo katika kifungu cha 38 cha Sura ya 20, yaani hati ya upekuzi au idhini ya maandishi ya mkuu wa kituo cha polisi kwa polisi walio chini yake. Kifungu cha 42 kinaruhusu upekuzi wa dharura, pale ambapo kuchelewa kungefanya kielelezo kipotee au kiharibiwe. Hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine.

Kifungu cha 106 kinakupa njia ya mkato ya shahidi huru. Ushauri wetu ni kutoizoea. Kama taarifa imefika asubuhi na nyumba inaweza kulindwa kwa mbali, tuma mtu kituo cha polisi akafuate hati, nanyi mwingie na polisi. Utetezi ukiuliza kwa nini hamkuwa na hati ilhali mlikaa saa tano mkiiangalia nyumba, hamtakuwa na jibu. Njia ya mkato iachwe kwa siku ambayo kweli hakuna muda, na siku hiyo andika kwa nini muda haukuwepo.

Mlangoni taratibu ni ile ile: jitambulishe, onyesha hati, mtake mwenye nyumba awepo na atembee nanyi chumba kwa chumba. Kama hayupo, awepo ndugu wa karibu. Muulize pia na uandike nani hulala chumba gani, kwa sababu nyara iliyokutwa chini ya kitanda cha chumba wanacholala watu wanne haina mmiliki mpaka uthibitishe nani alijua ipo.

Hati ya ukamataji mali

Karatasi hii hujazwa mahali pa tukio. Hati iliyojazwa kituoni kesho yake, hata kama kila neno ni kweli, imeshapoteza nusu ya nguvu yake. Beba fomu zisizopungua tano kwenye mfuko wa nailoni, kalamu mbili na kidau cha wino wa dole gumba.

Tofauti ya kazi nzuri na mbaya iko kwenye safu ya maelezo. Hivi ndivyo isivyotakiwa kuandikwa: "Meno ya tembo 2, kisu, pikipiki." Na hivi ndivyo inavyotakiwa: "1. Kipande cha jino la tembo, urefu sm 61, kimekatwa kwa msumeno upande mmoja, kina ufa karibu na ncha, kimewekwa alama A1. 2. Kipande cha jino la tembo, urefu sm 48, ncha imevunjika, alama A2. Vyote vilikutwa ndani ya gunia jeupe la plastiki lenye kamba ya katani, lililofungwa nyuma ya pikipiki." Pikipiki andika rangi, namba ya usajili, namba ya chasisi na ya injini, kwani bamba la namba linabadilishwa kwa bisibisi. Gobore ambalo halina namba lipime urefu na ueleze kitako kimetengenezwa kwa mti gani, kimefungwa kwa nini.

Uzito uandike kama una mzani. Usikisie. Ukiandika kilo 5 kwa macho na mthamini, yaani ofisa anayetambua nyara na kukadiria thamani yake, akapata 4.2, umetengeneza swali lisilo la lazima.

Kifungu cha 38(3) cha Sura ya 20 kinataka iwepo stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa, yenye saini ya mwenye mali au ndugu yake wa karibu na saini za mashahidi. Hati ya ukamataji iliyosainiwa ipasavyo imekubaliwa mara nyingi kusimama mahali pa stakabadhi, lakini ukitoa na stakabadhi hakuna atakayebisha: mpe mtuhumiwa nakala. Msomee mtuhumiwa hati yote kabla hajasaini. Asiyejua kusoma aweke dole gumba, na aliyemsomea aandike jina lake pembeni. Akikataa kusaini, usimlazimishe wala usimsainie. Andika "amekataa kusaini", pamoja na sababu aliyoitoa, na mashahidi wasaini chini ya maneno hayo.

Kumkamata

Ukamataji ni kumgusa au kumzuia mtu, au yeye mwenyewe kujisalimisha kwa neno au kitendo. Mwambie kosa kwa lugha anayoielewa: "Uko chini ya ulinzi kwa kosa la kupatikana na nyara za serikali bila kibali." Asiyejua Kiswahili atafutiwe mtu wa kumtafsiria.

Nguvu isizidi ile inayohitajika kumkamata au kumzuia asitoroke. Risasi ni ya kulinda uhai, wako au wa mwingine. Mtu anayekimbia na mguu wa swala begani hatishii uhai wa yeyote. Kipigo baada ya pingu kina madhara mawili: ni jinai kwa aliyekipiga, na kinafuta maelezo yote ya kukiri yatakayofuata. Akiwa na jeraha, hata alilolipata kwa kuanguka, liandike, mtibu, na mpitie polisi kuchukua fomu namba 3 kwa ajili ya hospitali.

Kuhusu maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa baada ya kuonywa kuhusu haki zake, waachieni wapelelezi wenye mamlaka hayo. Kazi ya askari wa doria ni kuandika aliyoyasema mtuhumiwa kwa hiari wakati wa tukio, bila kumhoji kwa saa nyingi kando ya moto. Sheria inahesabu saa 4 za msingi za mahojiano tangu mtu anapokuwa chini ya ulinzi kwa kosa hilo. Muda wa kumsafirisha kwa shughuli ya upelelezi hautahesabiwa, lakini lazima uthibitishwe. Kwa hiyo andika saa mliyoondoka, saa gari lilipokwama mtoni, saa lilipotoka, na saa mliyofika kituoni. Bila kumbukumbu hiyo safari ya saa tisa itaonekana kama saa tisa za kumtesa. Mtuhumiwa ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mweleze, kisha andika kwamba umemweleza.

Kufikishwa mahakamani kuna ukomo wa muda wa aina mbili. Kanuni ya jumla ni saa 24. Kosa likiwa la uhujumu uchumi, kama ilivyo kwa makosa mengi ya nyara, kifungu cha 29 cha Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi (Sura ya 200) kinaweka ukomo wa saa 48. Kambi ya doria siyo mahabusu. Peleka mtu kituo cha polisi kwa njia fupi kuliko zote.

Mnyororo wa kielelezo

Katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba panatakiwa kumbukumbu za maandishi zinazofuatana, zikionyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa na kilivyopimwa. Maamuzi ya baadaye yamelegeza kamba kwa vitu visivyobadilika kirahisi, na meno ya tembo yamo katika kundi hilo. Nyama haimo, wala ngozi ndogo, wala magamba ya kakakuona yasiyo na alama.

Kwa vitendo, kila mkono mpya ni saini mpya. Aliyekamata anakabidhi kwa mtunza vielelezo: tarehe, saa, orodha yenye alama zilezile A1 na A2, jina na saini za wote wawili. Polisi wanafunga lebo ya kielelezo, PF 145, na kuingiza kwenye rejista ya vielelezo, PF 16. Mthamini akija kuangalia, kinaandikwa kutoka na kurudi. Pengo la kawaida zaidi ni usiku mmoja kambini kati ya tukio na kituo cha polisi. Kama hamna njia ya kuuepuka, mtajwe mtu mmoja aliyekilinda, mahali kilipofungiwa, na nani alishika ufunguo.

Nyama na vingine vinavyooza

Hapa ndipo kesi nyingi za nyamapori zinapoharibikia, na kosa lenyewe linaepukika kwa asubuhi moja. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori kinairuhusu mahakama kuamuru kuteketezwa kwa kielelezo kinachooza kabla kesi haijaanza. Aya ya 25 ya Kanuni za Kudumu za Polisi Na. 229 inataka kielelezo hicho kipelekwe mbele ya hakimu pamoja na mtuhumiwa, na kipigwe picha inapowezekana. Katika Rufaa ya Jinai Na. 385 ya 2017, mahakama iliitupa hati ya orodha, ile inayoitwa inventori, kwa sababu mtuhumiwa hakuwepo wala hakusikilizwa wakati hakimu anatoa amri.

Basi fuata hivi. Kwanza mthamini aikague nyama na kuandika hati yake, kwa sababu baada ya moto hakuna cha kukagua. Kisha nyama, hati ya orodha na mtuhumiwa viende kwa hakimu kwa safari moja. Hakimu amuulize mtuhumiwa kama vitu hivyo anavitambua na kama ana pingamizi, na majibu yaandikwe juu ya hati. Picha zipigwe, mtuhumiwa asaini, ndipo amri itolewe. Kumwacha mahabusu ili "kuokoa mafuta" ni kuchoma kesi pamoja na nyama. Aliyepiga picha ni shahidi, kwa hiyo asizifute kwenye simu baada ya kuzihamisha.

Uthamini

Hati ya thamani hutolewa na ofisa wa wanyamapori mwenye sifa zinazotakiwa na vifungu vya 86 na 114 vya sheria hiyohiyo ya wanyamapori. Siyo kila askari anayemjua pundamilia ni mthamini kisheria. Na mthamini asiishie kuandika "ni nyama ya twiga". Aeleze amejuaje: ngozi iliyobaki ina mabaka ya aina gani, kwato zina umbo gani, nywele za mkia zikoje. Mahakama imekwisha kukataa utambuzi usio na maelezo. Nyama isiyo na ngozi, mfupa wala kwato ipelekewe vipimo vya maabara badala ya kukisiwa kwa rangi.

Thamani huhesabiwa kwa mnyama mzima aliyeuawa, hata kama kimekutwa kipande. Katika kesi za tembo imekuwa ikitajwa dola za Marekani 15,000 kwa tembo mmoja, ikibadilishwa kuwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo, na kiwango hicho kiandikwe kwenye hati. Hesabu hii inabeba uzito mkubwa, maana kifungu cha 86 kinataja faini isiyopungua mara kumi ya thamani ya nyara, au kifungo cha miaka 20 hadi 30, au vyote viwili.

Mifugo, magari, na fedha za mkononi

Mifugo iliyokamatwa ihesabiwe mbele ya mchungaji, kwa aina, rangi na alama za chapa, na idadi isainiwe kabla kundi halijaanza kutembea. Ng'ombe wanakufa njiani na wanazaa zizini, kwa hiyo kila badiliko liwe na tarehe na saini. Gari au mifugo hutaifishwa kwa amri ya mahakama, si kwa uamuzi wa kiongozi wa doria.

Kufifilisha kosa, yaani kulimaliza kwa malipo bila kesi, kupo kisheria, lakini hufanywa na mwenye mamlaka hayo, kwa maandishi ya mkosaji kukiri na kwa stakabadhi ya serikali. Fedha iliyopokelewa kando ya barabara haina jina jingine zaidi ya rushwa, na aliyekamatwa anaruhusiwa kudai stakabadhi kabla hajatoa hata shilingi.

Siku ya ushahidi

Itakuja baada ya miezi mingi, pengine miaka. Utaonyeshwa meno mawili na kuulizwa unayatambuaje. Jibu la "ni yale yale niliyokamata" halithibitishi chochote. Soma hati yako asubuhi hiyo, kisha ukiwa kizimbani taja kwanza alama ulizoweka na kasoro ulizoziandika, A1 yenye ufa karibu na ncha, A2 yenye ncha iliyovunjika, ndipo uombe kukishika kielelezo na kumwonyesha hakimu ufa wenyewe. Hati nayo iombe ipokelewe kwanza kuwa kielelezo, kisha ndipo isomwe kwa sauti. Ikisomwa kabla haijapokelewa, au ikapokelewa bila kusomwa, inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu, na ushahidi utakaobaki ni ule utakaotoka kinywani mwako.